Mbwa Aliyefundishwa kwa Mapafu ya Mbuzi

Nitaanza na jino, ingawa habari yenyewe ni ya mbwa. Nikiwa mtoto huko Ukambani, jino la nyuma liliniuma mpaka nikakataa uji. Baba akanipeleka sokoni kwa mzee wa kung'oa meno. Huyo mzee alikuwa na koleo, kiti cha miguu mitatu, na wanaume wa kushika watu. Wakanishika! Mmoja kichwa, mwingine miguu, wale wengine hata sijui walishika nini. Jino likatoka, na kidole cha mzee nusura kitoke pia, kwa sababu nilikiuma. Baba akanichapa njia yote ya kurudi. Jino lingine lilipoanza kuuma, nilisikia tu neno "sokoni" nikapanda juu ya mti. Baba akafoka chini huko mpaka akachoka. Mama ndiye alikuja na kipande cha sukari nguru mkononi. Alikiinua tu nikakiona. Jamani, nilishuka mwenyewe na jino langu!

Shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo nikipotea njia kidogo mnivumilie, nitarudi. Miaka ya tisini nilikuja Kitengela kutafuta kazi. Wakati huo Kitengela haikuwa na magorofa. Ungetoka chooni asubuhi ukutane na punda milia anakuangalia kama wewe ndiye umepotea. Nikapata kazi kwenye kichinjio, kuosha matumbo. Hiyo kazi ina harufu, lakini nyama hatukukosa. Nilitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, na mke wangu akawa anaogopa kubaki peke yake kwa ile ploti yetu ya pembeni. Mlinzi wa kichinjio akanipa mbwa, dume la rangi ya udongo. Tangu afike, mke wangu alilala usingizi. Mimi nilikuwa nikisema ni mbwa tu. Yeye alikuwa akisema ni mwanamume wa pili wa hii nyumba.

Shida ilikuwa mbuzi. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka kaskazini mashariki, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu safi, kanzu yake haina hata tone la vumbi, na vumbi la Kitengela mnalijua. Mbuzi zake zilipita mbele ya lango letu kwenda soko. Mbwa yangu akizisikia, wee! Anaruka ndani ya kundi, zinatawanyika mpaka barabara ya Namanga, malori yanapiga honi, mzee anakimbia ameshika kanzu kwa mikono miwili.

Siku moja akaja langoni. Alisimama mbali, maana mate ya mbwa yakigusa nguo yake ingebidi aioshe kabla ya kusali.

"Jirani, mbwa yako ni mwizi ama ni mwendawazimu?"

"Bado ni mtoto, mzee."

"Mtoto ako na meno kama hayo? Sikia. Mbuzi za Idi zinakuja, kundi kubwa. Nitazipitisha hapa. Akizikimbiza, naita watu wa kaunsili wampige risasi. Na usimfunge kamba siku hiyo. Kamba itakatika siku nyingine, nikiwa sijajipanga. Nataka kuona akili yake."

Mke wangu akaingia ndani, kanga usoni. Nikajua analia.

Kazini kila mtu alikuwa mwalimu. Mpige. Mfunge kwato ya mbuzi shingoni, kila akitembea imgonge, atachukia mbuzi. Nikafunga kwato. Nikampiga na fimbo pia. Matokeo yake? Akahamia chini ya tangi la maji, akiniona anakojoa. Na mbuzi zikipita, anatoka na kwato yake shingoni, anazikimbiza vilevile! Sasa nilikuwa na mbwa anayependa mbuzi na kuniogopa mimi.

Maziwa tulinunua kwa mama mmoja Mmaasai. Jioni moja nilimkuta anakamua ng'ombe mmoja aliyejulikana kwa mateke.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu bila kugeuka.

Kiganjani alikuwa na magadi, ile chumvi ya ardhini. Ng'ombe alilamba, maziwa yakashuka, mguu haukuinuka hata kidogo.

"Huyu si ndiye alimvunja mtu mbavu?"

"Huyo mtu alimkamua kwa nguvu. Mimi namlipa kwanza."

"Kwani ng'ombe ni mfanyakazi?"

"Wewe huko kichinjio unafanya bure?"

Nilirudi nyumbani karibu maziwa yamwagike, hivyo ndivyo nilivyokimbia! Nikakata ile kwato shingoni mwa mbwa, nikaitupa. Kesho yake nikachukua mapafu ya mbuzi kazini, nikayachemsha, nikayakata vipande vidogo kama maharagwe, nikajaza mfuko wa ovaroli. Nikakaa karibu na tangi, nikiangalia upande mwingine. Akitoa pua, natupa kipande. Akiniangalia, kipande. Akija, vipande! Akiketi, namsifu kama bwana harusi. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee wangu, unamfundisha asikimbize mbuzi kwa kumlisha mbuzi?"

Hapo niliogopa kweli. Lakini kichinjio hakikunipa nyama nyingine ya bure. Nikampeleka karibu na zizi la jirani, mbali kidogo. Mbuzi akalia. Masikio juu! Mwili ukakaza. Halafu, naapa, akageuka akaangalia mfuko wangu. Harufu ya mbuzi ilikuwa imekuwa harufu ya mkono wangu! Nikampa mpaka mfuko ukaisha. Kila jioni tukasogea kidogo, na kila jioni mbuzi akilia, ananitafuta mimi. Akaanza kuningoja langoni nikitoka kazini, anaegemea mguu wangu kwa uzito wake wote, tunaingia pamoja.

Siku ya mbuzi za Idi ilifika. Vumbi kwanza, halafu kelele. Lango wazi, kamba hakuna. Mzee mbele na fimbo, kundi nyuma yake kama mto. Mbwa anatetemeka kando yangu, mimi mkono uko mfukoni kwenye mapafu. Mke wangu amefunika macho na kanga, lakini anachungulia.

Mbuzi zikapita, zikapita. Kisha kibuzi kimoja kichaa kikaruka nje ya kundi, kikaingia langoni mwetu, kikasimama mbele ya mbwa, pua kwa pua!

Mbwa akakiangalia. Mate yakamtoka. Sikumwita. Akageuza kichwa polepole, akaniangalia, akaketi.

Nilimwaga mfuko mzima chini! Nilipiga kelele kama mtu aliyepata mtoto. Kibuzi kikashtuka kikarudi kwa wenzake. Mke wangu akapiga vigelegele, akapiga magoti vumbini, akamkumbatia yule mbwa shingoni.

Mzee alikuwa amesimama akiona yote.

"Unamlisha nini huyu?"

"Mapafu ya mbuzi, mzee."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akapigia mbuzi zake mluzi, akaenda. Langoni kwangu hakurudi tena kulalamika.