Ardhi Mbovu

Nilimpoteza kaka yangu kwa sababu ya skrubu moja. Skrubu ndogo, hata ungeimeza na ugali usingejua. Wenzangu wanapoteza ndugu kwa homa, kwa mahakama ya mirathi, kwa mwanamke mwenye mwendo wa madaha. Mie kwa skrubu yenye kutu, na kwa huu mdomo wangu, ambao Mungu alipoutengeneza nadhani aliitwa mahali kabla hajauwekea breki.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, nyumba ya wapangaji. Mie na mke wangu chumba kimoja, kaka chumba cha pembeni, dirisha lake linatazama uani. Kaka alikuwa mchongaji wa vinyago, fundi kweli kweli, mtu wa maneno machache. Kwa siku akitoa maneno saba, ujue ni sikukuu. Maneno yake yote nilizaliwa nayo mie.

Gari ilikuwa yake. Mwalimu mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia, akachukua vinyago vitatu vikubwa. Gari ndogo ya Kiingereza, mgongo wa mviringo kama kobe, ukiuliza umri wake unaambiwa ndiyo iliyombeba Adamu siku alipofukuzwa bustanini. Kaka mwenyewe hawezi kuendesha hata toroli. Akanipa ufunguo.

"Mdogo wangu, piga teksi. Mie nachonga, wewe unaendesha, tunakula."

Mkataba wetu ulikuwa huo tu.

Miaka miwili gari ilikwenda vizuri, halafu ikashikwa na wazimu. Ukiwasha indiketa ya kushoto, na ya kulia inakonyeza. Ukikanyaga breki, dashibodi yote inawaka: taa ya oili, taa ya chaji, taa ya indiketa, zinapepesa kama zimealikana harusini. Ukipiga honi, sindano ya mafuta inaruka, inakwambia tangi limejaa. Na siku zile mafuta yalikuwa yanatafutwa kama dawa ya mgonjwa. Mie nikijisikia maskini napiga honi tu, natajirika.

Mama mmoja mtu mzima, abiria wangu, akaniuliza, "Mwanangu, hapa tunakwenda kushoto au kulia?"

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Hata mie naisubiri gari iamue."

Tukacheka. Trafiki wa Barabara ya Kilwa hakucheka.

"Ndugu dereva, unakata wapi?"

"Kulia, afande."

"Mbona taa inasema kushoto?"

"Hiyo inasema yake, afande."

Akanipa mpaka Jumatatu. Taa zisipotengemaa, gari inalala kituoni na teksi basi.

Nikahangaika. Nikatoa globu za kushoto nikaweka kulia, za kulia kushoto. Nikafuta fyuzi na shati. Ile flasha, kile kikopo kinachofanya taa zikonyeze, nikakitia sikioni nikakitikisa kama yai viza. Kizima. Spea hazikuwepo, duka la spea siku zile lilikuwa na rafu, kaunta na mwenye duka. Waya nilizivuta moja moja mpaka nikahisi gari inaona aibu.

Ijumaa nikaenda Temeke kwa fundi umeme wa magari, mtu wa bara. Nikamkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo iko nje. Nikaieleza miguu. Niliieleza nusu saa nzima, na vionjo vyake.

"Globu umebadili?" miguu ikauliza.

"Nimebadili."

"Betri?"

"Nzima, ingeweza kuwasha mtaa."

"Ukiwasha hiki, kinaingilia kile?"

"Kama ndugu wa mume, fundi."

Miguu ikajisogeza kidogo. Halafu ikasema, "Ardhi hiyo. Ardhi yako mbovu. Kaisafishe, kila kitu kitatulia."

Aliyepita shule angeuliza ardhi ipi. Leo ninajua kwamba mafundi wanaita ardhi ule waya unaotoka kwenye betri ukafungwa kwenye bodi ya gari, njia ya umeme kurudi ulikotoka. Njia hiyo ikishika kutu umeme unakosa pa kupita, unaanza kupenya kwenye taa za wenzake. Mie lakini ardhi niliyoijua ni moja, hii ninayoikanyaga. Nikaishukuru miguu, nikaondoka.

Nyumbani nikamkuta mpangaji mwenzetu, mama wa vitumbua, yuko jikoni kwake uani.

"Fundi anasemaje?"

"Anasema ardhi yangu mbovu. Nikaisafishe."

Akashusha mwiko. "Fundi wa magari huyo, au mganga?"

"Wa magari."

"Basi kaona, hataki tu kukutamkia. Gari inalala wapi?"

"Si pale, chini ya dirisha la kaka."

"Chimba, baba. Pale kuna kitu."

Nikachukua jembe. Nilichimba jua linawaka, uani watu wanakusanyika mmoja mmoja, na mie mkiniwekea watazamaji ninakuwa na nguvu za trekta. Shimo la kwanza hakuna kitu. La pili hakuna. La tatu, karibu kabisa na ukuta, jembe likagonga kitu. Gunia, limelowa maji. Nikafungua. Kinyago cha mpingo, nusu kimechongwa, nusu bado gogo. Jicho moja, mdomo umefika masikioni, ulimi uko nje.

Hapo ndipo ningefunga mdomo. Nikaufungua. Nikawaambia watu kina joto kama mtu mwenye homa. Kilikuwa baridi kama jiwe la bafuni. Nikawaambia nilipokishika kiliguna. Wakasogea. Nilipoona wamesogea nikaongeza, nikasema jicho lile lilikuwa linapepesa, tik, tik, tik, vilevile kama indiketa yangu. Wa msikitini wakataja lao, wa kanisani lao. Balozi wa nyumba kumi akavua kofia.

Kaka akarudi kutoka kwenye kazi zake, karatasi za msasa kwapani. Watu wakampisha njia. Walimpisha sana.

"Kaka, hiki umekizika wewe?"

"Mie."

"Mchawi wewe!"

Neno hilo nililisema mie, mdogo wake, tumenyonya ziwa moja.

Akatazama mashimo, akanitazama mie. "Mpingo ukipigwa na jua unapasuka," akasema polepole. "Unaufunga gunia bichi, unauzika mpaka uurudie. Babu alifanya hivi. Baba alifanya hivi."

"Kumbe ukoo mzima wachawi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Uwanja mzima ukacheka. Na mie nikacheka. Nilicheka kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri, nikasahau kwamba ukoo ule ni wangu. Mie nililetwa mjini sijaota jino la pili. Kaka alibaki kusini na wazee, akajifunza mambo ya mpingo. Hilo nililijua. Wala hakuna hata mmoja pale aliyeuliza mtu arogeje gari yake mwenyewe.

Kaka aliweka zile karatasi za msasa chini, akakichukua kinyago chake, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi yule fundi akapita kuitazama gari, safari hii mzima mzima, kumbe alikuwa na uso.

"Mnapanda mihogo?" akauliza, anayatazama mashimo.

"Nimesafisha ardhi, fundi, kama ulivyosema."

Alinitazama muda mrefu. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akafungua boneti, akatoa bisibisi mfukoni, akalegeza skrubu moja inayobana waya wa betri kwenye bodi, imeliwa na kutu imekuwa kama biskuti. Akaokota kipande cha msasa pale chini, msasa wa kaka, akaisugua mpaka ikang'aa, akasugua na pale inapokaa, akaikaza. "Washa." Nikawasha. Kushoto, kushoto. Kulia, kulia. Dashibodi imetulia kama mtoto aliyeshiba.

"Hiyo ndiyo ardhi," akasema.

Nilikimbilia chumba cha kaka. Kitanda kimetandikwa, patasi hazipo.

Nikaendesha mpaka stendi ya mabasi ya kusini. Kila kona naonyesha taa, kila kona taa inasema kweli. Nilimkuta ameshakaa dirishani, kinyago kimefungwa kwenye gunia lake, amekipakata.

"Kaka, ni skrubu! Ilikuwa skrubu tu, ina kutu!"

"Najua sio mie," akasema.

"Basi shuka, turudi nyumbani. Nisamehe, kaka, nipo chini ya miguu yako."

"Wewe nimeshakusamehe. Alfajiri nimekwenda bombani kuteka maji. Watu wote wameondoa ndoo zao kwenye foleni, wamesimama mbali, wananingoja niteke niondoke." Akakiweka sawa kinyago mapajani, nikadhani maneno yake ya siku yameisha. "Nenda kawaambie bombani ni skrubu. Wakikubali, niite. Nitarudi."

"Na gari?"

Hakusema chukua, hakusema lete. Basi likaondoka.

Nilikwenda bombani moja kwa moja na skrubu mkononi, nimeing'oa tena kwa ajili yao. Nikaeleza betri, nikaeleza kutu, nikaeleza umeme unavyorudi. Maisha yangu yote sijawahi kusema kweli tupu namna ile, na sijawahi kuona watu wakipiga miayo namna ile.

"Kaka yako amekufunga mdomo," mama wa vitumbua akasema kwa huruma. "Jana ulisema mwenyewe kiliguna."

"Nilitia chumvi, mama."

"Na jicho? Hebu tuambie tena lile jicho."

Nikaapa kwa Mungu. Wakasema maskini, kafanywa zezeta. Nilirudi kesho yake, nikarudi wiki nyingine, nikarudi mpaka wakawa wakiniona wanasema, "Huyo, wa skrubu." Ile ya uongo niliisimulia mara moja, ikafika Mbagala kabla ya magharibi. Ile ya kweli mpaka leo haijavuka bomba.

Kilipokuja kisomo cha watu wazima, mie nilikaa benchi la mbele, mtu mzima na mvi zangu, ili nimwandikie kaka kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwandikia mistari minne. Ilinichukua siku tatu, na jasho la kupakia lori. Akanijibu kwa mkono wa mtu mwingine, maana yeye hakusoma. Salamu za shangazi, mvua imenyesha, mpingo mzuri upo. Halafu akaniuliza bombani wanasemaje.

Ile barua ninayo. Ya kujibu sijaiandika.