Pedali ya Breki ya Mzee Masoud

Mume wangu Gaspar hapendi ugomvi, na watu wa Mtoni wanamsifu kwa hilo. Mimi niliyeishi naye tangu tulipotoka Muleba simsifu sana. Nimeona namna upole wake unavyowaangukia watu wengine.

Gereji yake iko nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa, kiwanja cha mchanga uliokwisha kuwa mweusi kwa oili, na mabati machache ya kukingia jua. Mimi nauza supu na chapati pembeni, kwa hiyo wateja wake ni wateja wangu, na haliingii gari pale nisilijue. Yeye ni fundi wa chini: breki, usukani, shokapu, bushi. Injini haigusi. Mtu akileta gari linalotoa moshi, anamwonyesha kwa kidole gereji ya Stephano ng'ambo ya mtaro, kisha anarudi zake uvunguni. Huko ndiko anakopenda, maana hakuna wa kumsemesha.

Ana desturi moja ambayo mafundi wenzake wanamchekea. Haendeshi gari la mteja kulijaribu. Mteja ndiye anayeendesha, yeye anakaa kiti cha abiria, kimya, kiganja juu ya dashibodi, mpaka Mbagala na kurudi. Anasema fundi akishika usukani mwenyewe gari linashika adabu, kama mtoto mbele ya mgeni. Mimi namwambia huo ni uvivu. Lakini nakiri kwamba magari anayoyashika hayarudirudi.

Pikapu ya Mzee Masoud ilirudi.

Huyu mzee kila mtu kwetu anamfahamu. Duka lake la mchele na maharage lilikuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu. Watu wanamwita Mwarabu, ingawa Uarabuni hajawahi kufika, na akianza kutukana kwa Kiswahili cha Temeke unajua kabisa kazaliwa wapi. Ana sukari ya miaka mingi, na dawa anameza akikumbuka. Magunia ya wateja wake wa Mbagala na Kongowe aliyapeleka mwenyewe kwa pikapu yake nyeupe. Watoto wakimwambia aajiri dereva, aliwauliza kama wamewahi kumwona amelala mchana.

Mara ya kwanza, mvua za masika zikiishiaishia mwaka jana, pikapu aliileta mwanawe Jawad, mtu mzima mwenye duka lake Bunju.

"Shikamoo, fundi. Gari la mzee linatetemeka usukani. Kalipeleka huku na huku, wamempimia matairi, wamembadilishia vijiti vya usukani, wapi. Ngoma ni ile ile."

"Linatetemeka muda wote, au mkikanyaga breki?" Gaspar akauliza.

"Tukikanyaga breki tu, tena tukiwa kwenye mwendo. Ukiachia, linatulia kama si lenyewe."

Kwa jibu hilo Gaspar akaachana na matairi. Tairi bovu halingoji breki ili litetemeke. Hata hivyo alipiga jeki, akalishika gurudumu la mbele juu na chini akalitikisa, akalishika kulia na kushoto akalitikisa, halikucheza. Akalifungua. Diski ya breki, lile sahani la chuma linalobanwa ili gari lisimame, ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Akafunga waya karibu yake, ncha ikikaribia kugusa, akaizungusha polepole. Upande mmoja waya ulikwaruza, upande mwingine ukapita hewani. Diski imepinda. Ya pili nayo vivyo hivyo. Pedi za kubania zilikuwa zimeungua, na mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni.

Akazipeleka diski zikachongwe zinyooke, akaweka pedi mpya, akamwaga mafuta ya zamani na kutia mengine. Wakaenda Mbagala, Jawad akiendesha, gari likatulia kama maji mtungini. Jawad akanywa supu kwangu, akanisifia chapati.

Haikupita muda, Jawad huyo tena. Usukani unatetemeka upya, na safari hii kuna jipya: mzee akishuka kilima na mzigo, breki inakuwa laini, pedali inazama mpaka chini, anaipampu ndipo gari linasimama. Nilimwona Gaspar anavyokunja uso. Kwa fundi, gari kurudi na ugonjwa ule ule ni kama mpishi kurudishiwa sahani. Akafungua tena, akakuta diski bluu tena, mafuta yamechemka tena. Kitu kilikuwa kinazipasha moto breki hizo mchana kutwa. Akadhani zinabana zenyewe na kugoma kuachia, akazifungua zote, akakuta zinateleza vizuri tu. Akabadilisha mipira inayopitisha mafuta. Wakaenda Mbagala, Jawad akiendesha. Gari likatulia.

"Mama anasema limepigwa jicho," Jawad alituambia akicheka. "Jana kalifukiza ubani mpaka jirani akadhani linaungua."

Mara ya tatu Mzee Masoud alikuja mwenyewe. Yaliyotokea garini siku hiyo Gaspar alikuja kunieleza baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika, lakini nayaweka hapa kwa sababu hapa ndipo yalipotokea.

Mzee alikuwa amevaa kanzu na makubazi mapana ya ngozi. Walipoingia barabarani Gaspar aliweka kiganja juu ya dashibodi kama kawaida yake, akalihisi gari zito, linajivuta, kama linalofunga na kuachia. Hakuna aliyekuwa anafunga breki. Akatazama chini. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa kwenye pedali ya mafuta, lakini ulikuwa umevimba, na ubavu wa kubazi ulikuwa umelala juu ya pedali ya breki. Mzee alikuwa anaongeza mwendo na kushika breki kwa wakati mmoja, na hana habari.

"Mzee, samahani. Sogeza mguu kidogo upande wa mlango wako."

Mzee Masoud aliinamisha kichwa kuutafuta mguu wake kwa macho. Hapo ndipo Gaspar alipopata baridi. Mtu mwenye mguu haulizi uko wapi. Mzee akausogeza, kubazi likachomoka, likabaki chini ya pedali, naye akaendelea kuendesha peku bila kujua kwamba yuko peku. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu, kingo zake nyeusi, ndani yake mchanga.

Wakasimama mbele kidogo, penye kivuli cha ukuta. Gaspar akainama akaokota kubazi. Alipoinua uso macho yao yakakutana. Mzee Masoud akavuta pindo la kanzu likafunika mguu, akasema, "Joto la leo, fundi, halina adabu." Gaspar akasema, "Kweli, mzee, ni kali." Wakageuza gari.

Sasa, mtu mwingine angesema. Mimi ningesema, tena barabara nzima ingesikia. Mume wangu aliyelelewa kuambiwa kwamba mkubwa hakosolewi, na aliyekaa miaka yote hii na Waswahili akajifunza kwao kwamba aibu ya mtu husitiriwa, alifanya kazi ya ufundi. Aliitoa ile pedali ya breki, akaipeleka kwa mchomeleaji, wakaipasha moto wakaipinda upande wa kushoto, upana wa vidole viwili. Mpira wake akaukata pembeni. Diski akazichonga kwa mara ya mwisho, akafunga kila kitu, akamwambia mzee, "Hapa sasa hatutaonana tena." Na kweli. Kubazi halikuifikia tena pedali, breki hazikupata moto, usukani ukanyooka, na pikapu ikawa inapita mbele ya meza yangu imejaa magunia, mzee akinipungia mkono.

Siku ile Gaspar hakula. Nikadhani homa, nikamtuma Vaileth binti yetu dukani akanunue dawa. Akainywa bila neno, mjinga yule, akainywea malaria asiyokuwa nayo.

Waswahili wana methali yao juu ya mficha maradhi, na sina haja ya kuimalizia. Habari ilitufikia kwa Jawad, siku alipokuja na pikapu yenyewe kubadilisha taa. Tukamuuliza mzee hajambo. Akasema mzee yuko nyumbani, ametoka hospitali, mguu wamekata chini kidogo ya goti. Kidonda kilikuwa kimekula mpaka mfupa. Daktari alisema wangekiwahi kikiwa kidogo, kingeoshwa kikapona, mguu ungebaki.

Gaspar alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini taratibu, akaenda kukaa nyuma ya mabati. Nilipomfuata ndipo akanieleza yote: mguu, kubazi, kidonda, pedali. Nilimtukana. Nilimwambia gari lile lilikuja mara tatu kumsemea yule mzee, na yeye akaliziba mdomo. Nilimwambia angalau angekuja kwangu, mimi ningekwenda kwa mkewe, wanawake tungejuana. Akasema, "Angejua ni mie nimesema." Nikamuuliza, "Kwa hiyo?" Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namhurumia.

Jumapili, baada ya kanisa, tulikwenda kumpa pole. Nyumba yao iko nyuma ya duka. Mzee Masoud alikuwa amekalishwa kwenye kitanda sebuleni, amefunikwa shuka, na upande mmoja shuka lilikuwa limelala bapa. Amekonda. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mama Vaileth, karibu. Fundi, kaa huku karibu."

Bi Khairiya, mkewe, akaleta chai na visheti kwenye sinia. Mzee hakutaka kuzungumzia hospitali. Alitaka kuzungumzia gari.

"Fundi, ile pikapu uliiweza. Nawaambia watu wote. Mafundi wangapi walishindwa! Mpaka siku ya mwisho niliyoiendesha, usukani haukutetemeka hata mara moja. Ahsante sana, mwanangu."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu, na masikio yamemwiva.

"Mzee," akasema, "siku ile tulipokwenda Mbagala, mie niliuona mguu wako."

"Najua. Nilikuona unaona."

"Ningesema, mzee."

"Ungesema ningekufukuza. Ningekwenda kwa fundi mwingine, asiyekuwa na adabu zako." Mzee Masoud alinyoosha mkono akamshika Gaspar begani. "Ulinisitiri. Siku ile ile nilikuombea dua."

Bi Khairiya alikuwa bado amesimama na sinia. Sijawahi kumsikia mwanamke yule akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza.

"Uliuona?" akamuuliza Gaspar. "Wewe uliuona?"

"Ndiyo, mama."

"Mie nilikuwa naambiwa miguu inapata baridi. Gari lilipopona tu, ghafla kaanza kuvaa soksi, mpaka kitandani soksi, kwa joto hili. Nikisema nikukande miguu, baba Jawad, hataki. Anajifungia chooni anazifua mwenyewe. Nikajua uzee huo, watu wazima wanabadilika." Alimtazama mumewe, akamtazama wangu. "Kumbe alivaa kwa sababu wewe umeona. Mie mke wake ndiye wa kufichwa."

"Khairiya," mzee akasema.

"Nyie mmesitiriana, wanaume wawili. Haya. Jawad kapewa mguu wa baba yake hospitali, umefungwa kwenye nguo, kaupakata mpaka makaburini, kauzika peke yake. Karudi hapa hakusema na mtu siku nzima. Yeye nani kamsitiri?"

Mzee Masoud akageuza uso ukutani. Bi Khairiya akaweka sinia mezani, akatumiminia chai mmoja mmoja, mkono wake umetulia kabisa, akatuambia tunywe.