Akina Mama wa Vilemba Vyeupe

Juzi Kariakoo niliwaona akina mama wa kanisa wakivuka barabara na ndoo na chupa za uji, vilemba vyeupe vichwani, na moyo ukanipiga kama zamani.

Nikiwa mtoto, tulikuwa tumepanga chumba Buguruni, mimi na mama. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi kuinuka kitandani, na chumba kilinuka jasho na dawa ya kuchua. Mchana mmoja nikasikia nyimbo zinakuja uchochoroni. Nilizijua. Bibi wa chumba cha pili alipofariki, wanawake wale wale walikuja wakiimba, wakamwosha, na jioni akaondoka akiwa ndani ya jeneza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao: kuchukua watu.

Nikafunga komeo, nikaegemea mlango.

“Hodi!”

“Mama yangu hajafa!” nikapiga kelele. “Nendeni, bado anapumua!”

“Tunajua, mwanangu,” ikajibu sauti nzito ya mama mmoja. “Tumekuja kumwogesha tu.”

Kuogesha! Hata bibi walianza kwa kumwosha.

“Zuhura, fungua,” mama akasema kitandani. “Ni wageni wangu.”

Hatukuwa wa kanisa lao, sisi ni Waislamu, lakini waliingia kama ndugu. Wakamwogesha kwa maji ya moto na sabuni, wakamnywesha uji. Muda wote niliushika mguu wake, wasije wakamnyanyua.

Walipoondoka alikuwa amefumba macho. Nikaweka kiganja puani pake nisikie kama anapumua.

“Toa mkono huo,” mama akasema. “Unanuka. Nenda na wewe ukaoge, maji yamebaki.”