Piko la Bango la Watalii

Ipo siku moja ya Birmingham, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo viganja hunitoka jasho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nasomea uuguzi kwa ufadhili wa serikali yetu. Serikali hiyohiyo ilikuwa imetoa fedha za kuitangaza nchi kwa watalii, na afisa mmoja akaja kutoka nyumbani kuandaa maonyesho mjini. Alipojua natoka Mombasa, akaamua nitiwe hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, nivishwe kama bibi harusi, nipigwe picha ya bango.

Nami nilikuwa sijaolewa. Kwetu wakati ule msichana hatiwi piko. Wewe cheka tu, siku hizi mnachorwa hata sikukuu. Bango lingefika nyumbani, baba aulizwe msikitini amemwoza nani binti yake. Nikikataa, niliwaza, ufadhili utakatwa, nirudi na aibu nyingine. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Mwenye nyumba wangu pale mtaa wa Lozells alikuwa Bi Saida, Mzanzibari mwenye wajukuu. Mficha maradhi kifo humuumbua; aliniona nimekonda, akanibana mpaka nikasema.

"Nani kakwambia utafukuzwa?"

"Hakuna, bibi."

"Basi umeshajifukuza mwenyewe."

Hakunibembeleza. Siku ya picha alivaa koti lake la baridi, tukapanda basi pamoja. Mbele ya afisa sauti ilitoka nusu, lakini nikasema: sijaolewa, piko si langu. Yule bwana, mtu wa bara, akashangaa. Mila ile hakuijua. Kisha akashika kichwa. Fedha za serikali zimeshatumika, mchora piko na mpiga picha wameshafika, bibi harusi hayupo.

Bi Saida akanyoosha mikono. "Mimi mume wangu yu hai. Nitieni."

Basi Mombasa ikatangazwa na bibi harusi wa Unguja, kibogoyo, anacheka. Niliwaona Waingereza wakisimama kulitazama bango lile. Na ufadhili wangu haukuguswa.

Nakuusia, mwanangu: ukimwogopa mwenye mamlaka, usimjibie moyoni mwako. Mwendee umwambie, hata ukitetemeka, na uende na mkubwa wako. Hofu haikuniisha siku ile, nilisema nayo. Mwenyezi Mungu akupe ulimi penye hofu, na asikukoseshe mtu wa kupanda naye basi. Amin.