Mama Hajageuka

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ni mchakacho wa mikanda ya filamu iliyoning'inizwa juu ya mizabibu, ikipigwa na upepo mkavu wa Dodoma, msimu ule zabibu zinapoanza kuiva na ndege hawana adabu. Utepe ukimetameta juani na kuchakarika, ndege hukimbia, basi wakulima wa upande wa Bihawana, baba yangu mmoja wao, wakaona wamepata dawa. Watu nikiwasimulia hucheka. Mimi sijawahi kucheka. Nina mvi sasa, na bado nikiikumbuka sauti ile damu inanichemka.

Mikanda ile ilitoka mjini, kwenye jumba la sinema la Mzee Jivan, Mhindi mpole aliyeuza vitambaa chumba cha mbele na kuonyesha filamu ukumbi wa nyuma. Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya wanawake peke yao, wakijaa na watoto migongoni na karanga kwenye khanga. Shangazi, dada yake baba aliyenilea, hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini alijua mwigizaji yupi analia kwa macho na yupi analia kwa mabega tu, na huyo wa mabega alimzomea bila haya. Mimi sikwenda kwa ajili ya filamu ndefu. Kabla yake Mzee Jivan aliweka filamu fupi ya kilimo cha zabibu, iliyopigwa shambani kwetu kabla sijajua kutembea, na ndani yake alikuwamo mama yangu. Unamwona kwa mgongo, anachuma. Mtu anamwita, anageuka, anacheka, anaficha meno kwa kiganja. Basi, imekwisha. Mama alifariki nikiwa mdogo mno kumkumbuka, na nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja, hivyo uso wake niliujua pale ukutani tu. Filamu ilichakaa ikajaa mistari, wanawake wengine wakanung'unika kwamba wameichoka, lakini Mzee Jivan alichungulia kwanza kuona kama nimekuja, kisha akaiweka.

Nilipokuwa darasa la nne Mzee Jivan aliugua, watoto wake wakamchukua, jumba likanunuliwa na mtu aliyetaka ghala la saruji. Bwana huyo hakuuliza kitu. Aliagiza makopo yote ya filamu yatupwe uani, na aliyetaka achukue. Mikanda ikalala juani wiki nyingi, kisha baba akaichukua. Tangu mama afariki hakuwa amekanyaga sinema; shangazi alipombembeleza alijibu, "Nikamwone, halafu niondoke nimwache pale?" Kwa hiyo hakujua kwamba mama aliyeonekana ukutani alitoka kwenye utepe kama ule. Nilipofika shambani kutoka shule alikuwa amekwisha kukata na kuning'iniza safu nzima nzima, uso umemchanua. "Mwaka huu ndege watakoma!" akasema. Nilishika kipande, nikakiinua juani, nikaona mizabibu na watu wadogo wadogo. Nikapiga kelele, "Baba, mama yumo humu!" Akaweka kisu chini. "Sikujua, mwanangu," akasema. "Sikujua." Siku nne, yeye, shangazi na mimi tulipita safu hadi safu tukiiondoa mikanda na kuitazama mmoja mmoja, na ndege wakala zabibu zetu wakasaza. Jua lilikuwa limekwisha kuifuta mingi. Nilipata kipande kimoja chenye mama, urefu wa kiganja changu.

Mwezi uliopita nilikwenda Chimwaga, chuoni, ambako wanafunzi walikuwa wakionyesha filamu za kale za nchi za watu. Kijana aliyezieleza alikuwa hodari. Alijua majina ya waigizaji waliokufa zamani, alijua taa iliwekwa upande gani ili machozi yang'ae, na nilimfurahia kwa moyo wote hadi mtu mmoja alipouliza za kwetu ziko wapi. "Za kwetu, kwa bahati mbaya, zilipotea," akajibu, akafungua picha nyingine. Bahati mbaya! Nilijikuta nimesimama. "Hazikupotea," nikasema kwa hasira. "Zilitupwa. Kuna mtu alisimama uani akasema toeni takataka hizi, na sisi wengine tukazichukua tukatishia ndege." Watu wakageuka kunitazama, kisha wakaendelea na filamu yao.

Baadaye msichana mmoja alinifuata nje. "Shikamoo mama. Kwani mama yako alikuwa mwigizaji?"

"Marahaba. Hapana. Alikuwa anachuma zabibu."

Nikampa kipande changu, akakiinua kwenye mwanga. Simu yake, aliniambia, imejaa video za mama yake akicheka, nyingine huzifuta ili apate nafasi. Akakitazama kwa makini, picha moja hadi nyingine. "Mbona simwoni uso?" akauliza.

Kwa sababu katika kipande hicho mama bado hajageuka. Kugeuka kwake na kucheka kwake vilikuwa kwenye mkanda ulioliwa na jua. Mzee Jivan amefariki, shangazi amefariki, na baba hakuwahi kuiona filamu ile. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua kwamba anageuka.