Ufunguo Mpya Ndani ya Eda

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu mume wangu alifariki hapa Kasongo, kwa homa aliyorudi nayo kutoka Salamabila. Pamoja naye zilipotea mesaji alizokuwa akiwatumia akina mama wa upande wa Lusangi, kuwajulisha siku ambayo chanjo imefika kweli.

Nilikuwa ndani ya eda. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja, akabaki nje ya pazia. Alisema wanawake walikuwa wametembea tena na watoto mgongoni, wakakuta friji tupu, na wengine wanaapa hawarudi. Chanjo ingefika Alhamisi. Kampuni inayopitisha mesaji ilikuwa imefuta ufunguo wa marehemu, yaani ule mstari wa herufi na tarakimu unaoonyesha ni nani anayetuma. Muuguzi walimpa mpya. Aliipitisha simu yake chini ya pazia ili niunakili kwenye kompyuta ya marehemu.

Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu. Programu aliyotumia mume wangu kujaribu na kutuma maombi ya mesaji kwa kampuni niliijua kwa kumtazama akifanya kazi. Ufunguo hauandikwi katika kila ombi. Unawekwa mahali pamoja panapoitwa mazingira, unapewa jina, na maombi yote yanaliita jina hilo. Yeye aliuita mlango. Ningefuta ufunguo wake nikaweka mpya palepale, ingetosha. Sikuweza kufuta kitu chake. Nilifungua mazingira mengine, nikaandika mlango, nikaingiza ufunguo mpya.

Nikatuma ombi, jibu likaja: 401, huruhusiwi. Niliunakili upya, nikitafuta nafasi tupu iliyoingia kwa bahati mbaya. 401. Halafu nikaona kwamba juu pembeni mwa skrini bado yamechaguliwa mazingira yake. Nilichagua yangu, na jina lililo ndani ya ombi likageuka jekundu, maana yake programu hailijui. Nililitazama mpaka macho yakauma. Mlango hapa, mlango pale. Nilitamani kulala palepale sakafuni.

Muuguzi aliniomba nimsomee herufi za jina hilo moja moja.

"Mulango," nikasema. "Ameandika mulango."

"Si ndivyo tunavyosema, mama?"

Ndivyo. Shuleni tulifundishwa kuiacha hiyo u, na kila alipoiandika nilimsahihisha, naye akinijibu kwamba masini yake, hiyo kompyuta, iko ya Kasongo.

Niliongeza u, nikahifadhi, nikatuma ombi la kujaribu kwenye namba ya muuguzi. Simu yake ikatetemeka mkononi mwangu. Nilimsomea maneno, yale aliyoyaandika mume wangu: "Mama, chanjo iko Alhamisi. Leta mutoto."

"Turekebishe mutoto?" muuguzi akauliza, akicheka kidogo.

"Iache."

Niliwatumia akina mama wote, nikamrudishia simu. Kabla hajawasha pikipiki, simu ikalia. Alikuwa mwanamke wa Lusangi, akiuliza kama yule baba wa mesaji amepona.

Muuguzi akamwambia tu kwamba chanjo ni Alhamisi.