Bi Sabra Aliyeibiwa Jina Akiwa Eda

Adhuhuri inakaribia Bweni, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia. Gari linasimama mbele ya nyumba ya wageni ya Mwangaza. Mwenye nyumba, Bi Sabra Shamte, anatoka na ungo mkononi, anawaona watalii wawili wakishusha mabegi, na uso unamshuka.

"Bi Sabra, nimekuletea wengine," anasema dereva, Zubery. "Ukiwapokea bure hivi kila mara, chakula kitakwisha uwapikie mikeka."

Wageni wanaonyesha simu. Jina ni la nyumba yake, picha ni za vyumba vyake vitatu, na malipo ya siku nne yamekwisha kutolewa. Hata shilingi moja haijamfikia. Hili ni kundi la tatu tangu Ramadhani.

Mumewe, Kheri, alifariki mwaka jana, naye akakaa eda. Kwa mazoea ya kwao, mjane aliye eda hapokei simu ya mwanamume asiye ndugu. Siku hizo Gerson, fundi wa Kilindoni aliyewatengenezea tovuti, alipiga mara nyingi kumwonya kwamba kuna watu wanataka kulihamisha jina la tovuti hiyo. Bi Sabra aliiacha simu iite mpaka ikakatika.

Kisha akapiga mwanamke.

"Alinipa pole ya msiba, akamwombea marehemu. Nikalia naye," anasema.

Mwanamke huyo alijitambulisha kuwa ni wa kampuni inayosajili majina ya tovuti. Alisema jina litafutwa lisipothibitishwa, akaomba asomewe namba ya siri iliyoingia kwenye barua pepe. Bi Sabra akamsomea. Kwa namba hiyo jina likaenda kwa matapeli, na wageni wote wanaolitafuta wakaenda nalo.

Gerson anasema kampuni ya kweli haiombi namba hiyo kwa simu. Anayeombwa akate, kisha yeye mwenyewe aipigie kampuni iliyomsajilia jina. Anashauri pia jina lifungwe, lisiweze kuhamishwa bila idhini ya mwenyewe. Kwa Bi Sabra ushauri umechelewa. Alipolalamika kwa kampuni ya usajili, alijibiwa kwamba namba aliitoa kwa hiari yake.

Vyumba vilikuwa vikimwingizia kama laki sita kwa mwezi. Sasa ameuza mbuzi wake wote kuwalisha wageni wa makundi mawili ya kwanza, aliowalaza bure.

"Wametapeliwa kwa jina langu. Ningewafukuzaje?"

Leo mchele umekwisha. Zubery anawaeleza wageni kwamba wametapeliwa na kwamba hapa hakuna chakula. Mmoja wao anajibu kwa ukali, na Zubery anakataa kutafsiri.

"Sema tu, mwanangu."

"Anasema wewe na hao matapeli ni kitu kimoja."

Wageni wanarudi garini. Bi Sabra anaingia kuswali, anakaa muda mrefu juu ya msala.

Wiki ijayo anahamia kwa dada yake Kilindoni. Kila siku atasimama uwanja wa ndege na kibao chenye jina la nyumba, awaonye wageni kabla hawajaianza barabara mbovu ya Bweni.

"Namwomba Mungu anipe moyo wa kusimama pale," anasema. "Wakinitukana nitanyamaza. Nataka tu wauone uso wa mwenye jina."